Laptopu, EEG au MRI: Uchague Chombo Gani Ukitaka Kuchunguza Umakini na Kuona Ukiwa Kisumu au Nakuru?

Mwanafunzi akiniletea pendekezo la utafiti kuhusu umakini na kuona, namuuliza kwanza anataka kujua nini hasa. Anataka kujua kama mtu huona vizuri zaidi pale anapoelekeza akili? Au ni muda gani hupita, tangu mwanga ugonge jicho, kabla umakini haujaanza kuubadilisha ubongo? Au ni sehemu ipi ya ubongo inayobadilika? Ukiyasikia haraka, maswali haya matatu yanafanana. Lakini kila moja lina chombo chake, na ukikichagua vibaya utakusanya data mwaka mzima isiyoweza kujibu ulichouliza.

Nawaandikia walio Maseno, Njoro, Bondo, Kakamega na Nakuru mjini: wanaosoma saikolojia, fiziolojia, uuguzi au uhandisi wa vifaa vya tiba, ambao wamezisoma makala za maabara za Marekani na Ulaya na sasa wanataka kufanya kazi yao wenyewe hapa nyumbani. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa wengi wenu laptopu ndiyo mwanzo na EEG, kofia inayopima umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa, ndiyo hatua ya pili. MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, ni ya maswali machache sana, na kwa hayo pia kuna njia ya kuyafikia bila kumlaza mtu yeyote ndani ya mashine.

Tunachopima ni nini

Ukisimama Kondele, Kisumu, ukisubiri kuvuka barabara, macho yako yanaweza kuwa kwenye simu huku akili yote iko kushoto, anakotokea mtu wa boda. Macho hayajasogea, ila upande wa kushoto umepewa kipaumbele. Huo ndio umakini wa mahali. Watafiti huupenda sana umakini wa aina hii, ule usioandamana na mwendo wa macho, kwa sababu picha inayoingia kwenye retina inabaki ileile. Chochote kitakachobadilika kwenye ubongo kimetoka ndani ya mtu mwenyewe.

Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alilionyesha jambo hili karne ya 19. Alikaa gizani akikazia macho nukta moja, akaamua mapema ni upande gani wa karatasi ya herufi atakaouzingatia, kisha cheche ya umeme ikazimulika herufi kwa muda mfupi mno kiasi kwamba macho yasingepata nafasi ya kuhama. Herufi za upande aliouchagua alizisoma. Za kwingine zilimpita.

Baadaye wakaja waliochungulia ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 1985 Jeffrey Moran na Robert Desimone walirekodi niuroni, yaani seli za ubongo, za V4, moja ya maeneo ya ubongo yanayoshughulikia kuona, kwa nyani. Kila niuroni ya huko husimamia kipande fulani cha uwanja wa kuona. Ndani ya kipande kimoja waliweka vitu viwili: kimoja ambacho niuroni hukiitikia kwa nguvu, na kingine isichokijali. Nyani alipokizingatia kile kisichojaliwa, mwitikio wa niuroni ulishuka sana, ingawa kile cha kwanza kilikuwa bado palepale mbele ya macho. Umakini ulikuwa umeamua nani asikilizwe.

Kwa binadamu mwenye afya hatuwezi kupenyeza elektrodi ndani ya ubongo. Inabidi tupime kutoka nje, na hapo ndipo vyombo vinapoachana.

Laptopu pekee: usiidharau

Mwaka 1980 Michael Posner alichapisha njia ambayo hadi leo ndiyo msingi wa fani hii. Mshiriki anakazia macho alama ya msalaba katikati ya skrini. Kishale kinaonyesha kushoto au kulia, na mara 80 kati ya 100 kinasema kweli. Kisha shabaha inatokea, na yeye anabonyeza kitufe mara anapoiona. Shabaha ikitokea pale kishale kiliposema, vidole hujibu haraka kuliko pale ambapo hakukuwa na dokezo lolote. Ikitokea upande mwingine, jibu huchelewa. Tofauti ni makumi ya milisekunde tu, lakini hurudi tena na tena, kwa watu wa kila aina.

Kazi hii inahitaji laptopu, chumba kimya, na programu ya bure kama PsychoPy. Skrini nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa karibu milisekunde 16.7, kwa hiyo panga muda wa vichocheo kwa hesabu ya picha na si kwa namba uliyojitungia. Kibodi ya kawaida huongeza ucheleweshaji wake. Hilo lisikutishe, maana ucheleweshaji huo uko kwenye majibu yote, yaliyodokezwa na yasiyodokezwa, na ukitoa moja kwenye jingine unaondoka. Simu za kugusa siziamini kwa kazi hii: kila modeli ina tabia yake, na mshiriki huishika kwa umbali anaoutaka yeye.

Kasi siyo yote inayoweza kupimwa. Mwaka 2004 Marisa Carrasco na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walionyesha kwamba umakini hubadilisha hata mwonekano wa kitu: michirizi iliyodokezwa ilionekana kuwa na weusi na weupe uliokolea zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye skrini. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Yaffa Yeshurun na Carrasco walikuwa wamepata jambo ambalo mimi huliona zuri kupita mengi katika fani hii. Washiriki walitafuta kipande cha mchoro kilichotofautiana na mchoro uliokizunguka. Kikiwa pembeni mwa uwanja wa kuona, umakini uliwasaidia. Kikiwa karibu na katikati, umakini uliwaharibia. Maelezo yao ni kwamba umakini huongeza uwezo wa kutenganisha vitu vidogo. Pembeni, ambako jicho halitenganishi vizuri, nyongeza hiyo ni neema. Katikati, ambako jicho tayari linatenganisha mno kuliko kazi inavyohitaji, nyongeza ni mzigo. Hitimisho zito namna hiyo kuhusu ubongo lilipatikana kwa skrini na vitufe tu.

Kabla hujaandika programu yako, amua utatumia dokezo la aina gani. Kishale cha katikati humtaka mtu auhamishe umakini kwa hiari, na kazi hiyo huchukua kama milisekunde 300, kisha mtu anaweza kuushikilia hapo. Dokezo la kumulika pembeni, pale shabaha itakapotokea, huvuta umakini bila ruhusa: nguvu yake hufika kileleni kwenye milisekunde 100 hivi, halafu hupotea. Ukisubiri hadi milisekunde 300 au zaidi baada ya mmuliko huo, matokeo yanaweza kugeuka kabisa, mtu akawa mzito zaidi pale palipomulikwa. Posner na Cohen waliliandika hilo mwaka 1984. Kwa hiyo ukichanganya dokezo la pembeni na muda wa dokezo la katikati, utapata matokeo ya kinyume na utatafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Udhaifu wa laptopu ni mmoja, nao ni mkubwa. Kitufe hubonyezwa mwisho wa safari. Mtu aliyejibu haraka huenda aliona mapema, au aliamua mapema, au kidole kilikuwa tayari upande ule. Ukitaka kujua kama kuona kwenyewe kumebadilika, inabidi uingie katikati ya safari.

EEG: saa ya ubongo

Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani. Tunachotafuta sisi ni kidogo sana: mikrovolti chache, zilizozama katikati ya kelele za kupepesa macho, misuli ya taya na shughuli nyingine za ubongo. Ndiyo maana tunaonyesha kichocheo mamia ya mara na kukokotoa wastani. Kelele hushuka, mwitikio hubaki.

Mwitikio huo una hatua zinazojulikana. Karibu milisekunde 50 hadi 90 baada ya kichocheo kuna C1, inayotoka hasa kwenye gamba la kwanza la kuona, V1. Kati ya 80 na 130 hivi huja P1, kutoka maeneo yanayofuata V1 kwenye njia ya kuona. Karibu 150 hadi 200 huja N1. Steven Hillyard na wenzake wa San Diego walionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba kichocheo kinachotokea mahali palipozingatiwa huleta mawimbi haya ya P1 na N1 yakiwa makubwa zaidi. Umbo la wimbi halibadiliki na halihami kwa wakati. Kinachobadilika ni ukubwa, kana kwamba mtu ameongeza sauti ya redio bila kubadilisha stesheni. Kwa lugha ya fani, umakini unafanya kazi ya kukuza ishara, na unaifanya mapema sana, kabla mtu hajawa na nafasi ya kuamua chochote. Lile swali lililoishinda laptopu limepata jibu.

Kuna ishara ya pili, na kwa mazingira yetu huenda ndiyo yenye faida zaidi. Mawimbi ya alfa, ya karibu mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde, huwa na nguvu nyuma ya kichwa. Mtu akijiandaa kuzingatia kushoto, alfa hushuka upande wa kulia wa kisogo, unaoshughulikia uwanja wa kushoto, na hubaki juu au hupanda upande mwingine, unaoshughulikia kile anachokipuuza. Michael Worden na wenzake walilieleza hili mwaka 2000. Tofauti hiyo huonekana kabla shabaha haijatokea. Unamwona mtu akijiandaa kuona.

Udhaifu wa EEG ni mahali. Umeme ukipita kwenye fuvu husambaa, na michoro mingi tofauti ya vyanzo ndani ya ubongo inaweza kuzaa mchoro uleule juu ya ngozi. Kusema "nyuma, upande wa kulia" unaweza. Kutaja eneo kwa milimita huwezi, hata uwe na elektrodi 128.

MRI: ramani ya ubongo

MRI ya utendaji, ile inayoandikwa fMRI, haipimi umeme. Inapima damu. Niuroni zikifanya kazi zaidi, damu yenye oksijeni huletwa kwa wingi, na oksijeni hubadilisha tabia ya sumaku ya hemoglobini. Seiji Ogawa aliieleza ishara hiyo mwaka 1990. Picha hugawanywa katika vijisanduku vya milimita 2 au 3, na ubongo wote huonekana, hadi sehemu za ndani ambazo EEG haizifikii vizuri.

Matunda yake ni makubwa. Mwaka 1998 na 1999 maabara kadhaa zilionyesha kwamba umakini hubadilisha shughuli za V1 yenyewe, na kwamba mabadiliko hayo hufuata ramani: ukihamisha umakini kutoka pembe moja ya skrini kwenda nyingine, doa la shughuli huhama nalo kwenye gamba la kuona. Mwaka 1999 Sabine Kastner na wenzake walipata kwamba shughuli hupanda hata mtu akisubiri tu kichocheo ambacho bado hakijaonyeshwa. Mwaka 2002 Maurizio Corbetta na Gordon Shulman walitofautisha mifumo miwili: mmoja wa juu, unaounganisha sehemu za parietali (za juu, kuelekea nyuma) na za mbele za ubongo, wa kuelekeza umakini kwa hiari, na mwingine wa chini, hasa upande wa kulia, wa kuukatiza umakini kunapozuka jambo lisilotarajiwa. EEG peke yake isingetupa picha hiyo.

Tatizo ni wakati. Damu haina haraka. Mwitikio hufika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya kichocheo, ilhali safari nzima ya kuona tuliyoieleza imekwisha kabla ya nusu sekunde.

Pale vyombo viwili vilipobishana

Hapa msome polepole, kwa maana ndipo uchaguzi wa chombo unapoonyesha uzito wake.

fMRI ilisema V1 inabadilishwa na umakini. EEG ilisema C1, mwitikio wa kwanza wa V1, haibadiliki. Nani aaminiwe? Antígona Martínez, Hillyard na wenzao waliwapima watu walewale kwa njia zote mbili na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Mgongano ulibaki: damu ya V1 iliongezeka, C1 ikakaa vilevile, P1 ikakua. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba ishara hupita V1 mara ya kwanza bila kuguswa, umakini huikuza katika maeneo yanayofuata, halafu maeneo hayo hurudisha ujumbe V1. fMRI, kwa kuwa inajumlisha sekunde nzima nzima, iliyaona mapito yote mawili kama kitu kimoja.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2008 Simon Kelly, Manuel Gomez-Ramirez na John Foxe waliripoti kwamba C1 nayo hubadilika iwapo mahali pa vichocheo patachaguliwa kulingana na ubongo wa kila mshiriki. Maabara nyingine hazijakubaliana nao. Mimi nauona mjadala huu kuwa habari njema kwa mwanafunzi wa hapa: swali lililo hai kuhusu V1 linajadiliwa kwa EEG, chombo kinachoweza kuingia kwenye chumba cha kawaida pale Maseno au Njoro. Anayedhani kwamba bila MRI hana la kuchangia ameambiwa uongo.

Nywele, jasho na umeme wa hapa kwetu

Makala za ng'ambo hazitakueleza mambo haya, nami nayaona makubwa kuliko bei ya mashine.

Elektrodi ya EEG lazima iguse ngozi ya kichwa. Kofia nyingi zilibuniwa kwa nywele zilizonyooka, na nywele za kipilipili huisukuma elektrodi juu. Rasta, weave na wigi huongeza ugumu. Nywele zinatajwa kuwa moja ya sababu zilizofanya watu weusi kuwa wachache katika tafiti za EEG, na hilo lapaswa kutuuma: sayansi inayoitwa ya ubongo wa binadamu imewaacha binadamu wengi mlangoni kwa sababu ya kofia. Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa suluhisho mwaka 2020: kusuka nywele mistari inayoacha wazi zile sehemu elektrodi zinapokaa, na vishikizo vinavyobanwa chini ya misuko yenyewe.

Sasa fikiria ni wapi duniani kunakopatikana wasusi wengi wa mistari kuliko hapa. Kwa kazi ya umakini na kuona, sehemu unazozihitaji zaidi ziko kisogoni: O1, O2, PO7 na PO8. Mwonyeshe msusi mchoro wa kichwa wenye nukta hizo, mkubaliane njia za mistari, na gharama ya kusuka iingie kwenye bajeti ya utafiti, ilipwe na mradi. Usimwombe dada wa watu afumue nywele alizozilipia wiki iliyopita eti kwa ajili ya sayansi. Panga tarehe naye, aje siku atakayokuwa anasuka upya.

Jambo la pili ni joto. Jasho kwenye ngozi ya kichwa huleta mawimbi mazito ya polepole yanayopandisha na kushusha rekodi nzima. Kisumu, kando ya ziwa, mchana huwa mkali. Rekodi asubuhi, chumba kiwe na hewa. Nakuru na Kakamega kuna nafuu. Mvua za radi za alasiri, ambazo kila mkazi wa magharibi anazijua, ni sababu nyingine ya kumaliza kazi kabla ya saa nane.

Umeme wa nyumbani hapa ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na huingia kwenye rekodi kupitia kila waya. Chomoa chaja, laptopu na kipaza ishara vitumie betri. Ukifanya hivyo, stima zikipotea katikati ya kipindi hutapoteza mshiriki.

Kisha kuna watu wenyewe. Swali ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa mshiriki mwenye umri ni kama hili: "Mwanangu, hii kofia si itasoma ninayoyawaza?" Mjibu kwa heshima na kwa ukweli: "Hapana, mama. Inasikia umeme mdogo tu wa kichwa, kama vile daktari anavyosikiliza moyo. Unachowaza kinabaki chako." Mwonyeshe mawimbi yake kwenye skrini, afumbe macho aone alfa ikipanda. Akishaona hilo kwa macho yake, atakaa kwa utulivu kuliko baada ya kusoma fomu yoyote.

Mashine za MRI za hospitali za eneo hili zipo kwa ajili ya wagonjwa, na sioni haki ya kumsukuma mgonjwa kwenye foleni ili mwanafunzi apige picha ubongo wa rafiki yake. Hata ukipewa muda, fMRI ya kuona inahitaji vifaa ambavyo picha za kawaida za tiba hazivihitaji: skrini au projekta inayovumilia sumaku, kioo juu ya uso wa mtu, na kitufe kisicho na chuma. Mwenye kifaa cha kuratibu moyo au chuma mwilini huenda asiruhusiwe kuingia, na klipu za chuma kwenye wigi zitolewe zote.

Vibali ni vilevile kwa njia zote tatu: kamati ya maadili ya taasisi yako, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anza mapema.

Basi uchague ipi

Kama uko shahada ya kwanza na una muhula mmoja, chukua laptopu. Usione haya. Swali zuri la utofautishaji wa weusi na weupe, au la umakini pembeni na katikati, litakufundisha mengi kuliko EEG iliyofanywa kwa pupa. Ongeza njia ya kuhakikisha macho hayasogei, hata kama ni kamera iliyoelekezwa usoni, kwa sababu macho yakihama huwezi tena kusema ni umakini.

Kama uko shahada ya uzamili na unaweza kupata EEG, ichukue, lakini angalia ni EEG ya aina gani. Vifaa vya bei nafuu vyenye chaneli 8 au 14 hurekodi mawimbi ya alfa vizuri iwapo elektrodi ziko kisogoni. Tatizo lao huwa kwenye alama ya wakati: ile ishara inayosema "kichocheo kimeonyeshwa sasa hivi" inaweza kuyumba kwa makumi ya milisekunde ikipitia mtandao usio na waya. Kwa alfa, inayopimwa kwa mamia ya milisekunde, mtikisiko huo hauna madhara makubwa. Kwa P1, iliyo na upana wa milisekunde 50 hivi, unaweza kuifuta kabisa. Kwa hiyo: kifaa cha nafuu, chagua swali la alfa, kifaa cha maabara chenye waya wa alama, nenda kwenye P1, na C1 iache mpaka uwe na elektrodi za kutosha, washiriki wenye subira, na msimamizi aliyewahi kuifanya.

Kama swali lako ni la mahali, kwa mfano kama ni V1 au V4, au kama mfumo wa juu na wa chini wa Corbetta na Shulman unatofautiana kwa kundi fulani, EEG haitakutosha na usijidanganye. Lakini kabla hujaanza kutafuta mashine, tembelea OpenNeuro, hazina ya wazi ambako watafiti huweka data za fMRI na EEG zitumike bure. Mtu aliye Njoro mwenye kompyuta ya kutosha na intaneti ya kuaminika anaweza kuchambua data ya umakini iliyokusanywa kwa mashine ya gharama kubwa mno. Kazi ni ngumu, takwimu zake zinahitaji mwaka wa kujifunza, na ndiyo njia ninayompendekezea yeyote anayeota fMRI.

Kuna kundi moja ambalo kwao vyombo vyote vitatu nawaambia waviweke pembeni kwanza. Kama uko wodini, unahudumia watu waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, utakutana na mgonjwa anayekula nusu ya kulia ya sahani ya ugali na kudai chakula kimekwisha, ananyoa shavu moja, hamjibu anayemsemesha kutoka kushoto. Macho yake mara nyingi hayana kasoro. Umakini wa mahali ndio ulioharibika. Karatasi na penseli zinatosha kumgundua: mchoree mstari, mwombe aweke alama katikati, na tazama alama inavyoangukia mbali upande wa kulia. Mpe ukurasa uliojaa vinyota avikate vyote, uhesabu alivyoacha kushoto. Kipimo hicho huchukua dakika chache, kinaweza kufanyika kitandani, na matokeo yake humwambia muuguzi na familia mambo ya leo hii: sahani igeuzwe, dawa ziwekwe kulia, anayeongea naye aanzie upande anaouona kisha amvute polepole aelekee kushoto. Utafiti wa kina juu ya wagonjwa hawa katika eneo letu, kwa Kiswahili, Kiluo, Kiluhya na Kikalenjin, ungefaa maisha ya watu kuliko makala nyingi za V1.

Kwa waliobaki: chombo chochote utakachokichagua, jaribu kazi yako kwenye laptopu kwa marafiki watano kabla hujajaza fomu ya leseni. Tazama kama wanajibu haraka zaidi pale kishale kilipoelekeza. Kama hawafanyi hivyo, rekebisha muda, ukubwa wa shabaha na uthabiti wa macho, ujaribu tena, ndipo ununue jeli ya elektrodi.